Kinyama cha jichoni kisitupwe kwenye ndoo

Vitabu vingi vya tiba ya macho vinaiweka saratani ya utando wa jicho katika kundi la magonjwa adimu, na kwa walioviandika hilo ni kweli. Mwaka 1996 watafiti wakiongozwa na Robert Newton walilinganisha takwimu za saratani za nchi mbalimbali, wakakuta Uingereza ina wagonjwa wasiofika 0.2 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Kwa nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 58 wakati huo, hao ni wagonjwa wasiozidi 12 nchi nzima. Uganda, iliyokaa juu ya ikweta, ilikuwa na wagonjwa 12 au zaidi kwa kila watu milioni moja. Hiyo ni zaidi ya mara 60. Watafiti hao walionyesha pia kwamba kila unapoondoka ikweta kwa nyuzi 10 za latitudo, ugonjwa hupungua kwa asilimia 49.

Daktari wetu hufundishwa kwa vitabu hivyohivyo. Anapangiwa hospitali ya wilaya akiamini kwamba ugonjwa huu ataukuta mara moja katika maisha yake ya kazi, pengine asiukute kabisa, na ni vigumu kukitambua kitu ambacho umeshaambiwa hakipo. Matokeo yake ni kwamba jicho linalohitaji upasuaji mdogo wa asubuhi moja linafika hospitali ya rufaa likiwa limeliwa, uvimbe umetoka nje ya kope, na kilichobaki kufanywa ni kuondoa kila kilichomo ndani ya tundu la jicho ili kuokoa maisha. Wagonjwa wa namna hiyo wanajulikana katika kila hospitali kubwa ya macho Afrika Mashariki.

Mimi nadai jambo moja: kila kinyama kinachokatwa kwenye jicho la mtu katika nchi zetu kipelekwe maabara kikachunguzwe, hata kama kinaonekana cha kawaida kabisa. Kueleza kwa nini, inabidi kwanza nieleze kinachoonekana.

Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba, mwangavu, wenye mishipa midogo ya damu. Utando huo hukutana na konea, yaani kioo cha mbele kinachofunika sehemu nyeusi ya jicho, na mahali vinapokutana pana mpaka mwembamba wenye seli zinazogawanyika maisha yote ili kuifanya upya ngozi ya konea. Saratani hii hupenda kuanzia hapo mpakani, mara nyingi upande wa pua au upande wa sikio, katika sehemu ambayo kope haziifuniki mtu anapokuwa macho. Huanza kama doa lililonyanyuka kidogo. Doa hilo linaweza kuwa na tabaka jeupe juu yake, lisilofutika hata ukilipangusa. Linaweza kuwa laini, la kung'aa na lenye majimaji, au uso wake ukawa wa chembechembe kama ua la koliflawa. Kwa sisi watu weusi mara nyingi huwa na rangi ya kahawia, jambo linaloweza kumchanganya hata mtaalamu ikiwa picha alizosomea zilikuwa za wagonjwa weupe. Kando yake utaona mishipa ya damu iliyonenepa na kujipinda, yote ikielekea kwenye uvimbe, maana ndiyo inayoulisha.

Vipo vinavyofanana nao, na ni vingi. Kile kinyama cha kawaida kinachoitwa pterijiamu kina umbo la pembetatu, ncha yake ikielekea katikati ya jicho. Kimelala bapa, na hukua polepole kwa miaka. Wavuvi wanacho, wakulima wanacho, madereva wa bodaboda wanacho, na aghalabu kiko kwenye macho yote mawili. Kuna kinundu cha manjano ambacho hukaa kando ya konea bila kuipanda. Kuna mzio wa macho wa watoto unaovimbisha mpaka wa konea na kuutia rangi ya kahawia. Tena kuna madoa ya kahawia yasiyo na unene wowote ambayo wengi wetu tunayo katika weupe wa macho yote mawili tangu ujana, na hayo hayana neno. Kinachopaswa kumtia mtu shaka ni jicho moja tu kuwa na kitu kilichonyanyuka, kitu kinachobadilika kwa miezi badala ya miaka, kisichoondoka kwa dawa ya matone.

Sasa mchukue mama wa miaka 36 anayeuza dagaa kando ya ziwa. Haendi hospitali kwanza. Anakwenda duka la dawa.

"Habari za saa hizi, kaka."

"Nzuri, dada. Karibu."

"Jicho langu bado linaniwasha, na hapa pembeni kuna kitu."

"Lilianza lini?"

"Tangu kabla ya Idi. Ile dawa uliyonipa ilisaidia kidogo, halafu likarudi."

"Basi leo nikupe hii yenye nguvu zaidi."

Mazungumzo ya aina hiyo hufanyika kila siku, na kila kilichohitajika kujulikana kimeshasemwa humo: ni jicho moja, ni miezi, kuna kitu pembeni, dawa imeshindwa. Ile chupa yenye nguvu zaidi mara nyingi huwa na steroidi, dawa inayopunguza wekundu na muwasho upesi. Mama anajiangalia kwenye kioo, anaona jicho limetulia, anarudi kwenye meza yake ya dagaa akishukuru. Uvimbe wenyewe haujaguswa. Kilichoondoka ni ile dalili iliyokuwa inamsukuma kutafuta msaada. Wengine hupitia kwanza maji ya majani au maziwa ya mama anayenyonyesha, na huko nako miezi hupita. Simlaumu muuzaji wa duka, maana hakuna aliyempa maelekezo ya ukurasa mmoja kuhusu jambo hili. Ukurasa huo ungeweza kuandikwa na wizara wiki ijayo: jicho moja lenye kitu kilichonyanyuka, likitumia matone kwa wiki mbili au tatu bila kupona, lisipewe chupa nyingine, lielekezwe kwenye kitengo cha macho.

Kwa nini huku kwetu? Jua ni sababu ya kwanza. Mionzi ya urujuanimno huharibu vinasaba vya seli za ule mpaka wa konea, na watafiti waliochunguza vinyama vya wagonjwa wa Uganda walikuta jeni ya TP53, moja ya jeni zinazozuia seli kugawanyika ovyo, ikiwa na alama za uharibifu wa aina inayoachwa na mionzi hiyo. Daktari wa macho wa Australia, Minas Coroneo, alionyesha kwamba mwanga unaoingia kutoka upande wa sikio hupindwa na konea na kukusanyika upande wa pili, kwenye mpaka wa upande wa pua. Ndiyo maana miwani midogo isiyoziba pembeni husaidia kidogo tu, na kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa ina faida kubwa kuliko kapelo yenye ukingo wa mbele pekee. Wafugaji wa ng'ombe wa Hereford, wale wenye uso mweupe, wameujua ugonjwa wa namna hii kwa miaka mingi, kwa sababu ngozi inayozunguka macho ya ng'ombe hao haina rangi ya kuikinga na jua.

Lakini jua letu ni lilelile tangu zamani, na ugonjwa uliongezeka ghafla. Mwaka 1990 madaktari waliokuwa Rwanda waliandika kwamba wanaona saratani hii kwa vijana wenye virusi vya UKIMWI. Mwaka 1995, Ateenyi-Agaba wa Kampala alichapisha utafiti ambao ningependa kila mwanafunzi wa tiba wa Afrika Mashariki ausome. Kati ya mwaka 1970 na 1988, Kampala ilikuwa na wastani wa wagonjwa sita kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Mwaka 1992 walifika 35. Alipowapima wagonjwa 48, aliwakuta 36 wana VVU. Katika kundi la watu wengine 48 wasio na saratani hiyo, waliokuwa na virusi walikuwa tisa. Kampala ilikuwa na bahati ya kuwa na rejista ya saratani tangu mwaka 1951. Bila hesabu hizo zilizowekwa kwa uvumilivu na watu ambao majina yao hatuyajui, ongezeko hilo lingebaki kuwa hisia za madaktari wachache.

Hapo ndipo ugonjwa wa vitabuni na ugonjwa wetu vilipoachana kabisa. Katika nchi za baridi mgonjwa ni mzee, mwanamume mara nyingi, aliyefanya kazi juani miaka mingi. Katika tafiti za Kenya, wanawake ni wengi kuliko wanaume, na wengi ni watu wa miaka 30 na 40 na kitu. Ni watu walio katikati ya kulea na kutafuta. Daktari anayesubiri mzee atampita mama wa dagaa bila kumtazama mara mbili.

Sasa nirudi kwenye madai yangu, maana kuna atakayesema: kama dalili zinajulikana, si tuwafundishe watu kuzitambua, basi? Tuwafundishe, ndiyo. Ila kutambua kwa macho peke yake kuna kikomo, na kikomo hicho kimepimwa. Nchini Kenya, Dkt. Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walijaribu tone la rangi ya buluu iitwayo toluidini, ya nguvu ya asilimia 0.05. Unadondosha, unasubiri kidogo, unatazama kama uvimbe umeshika rangi. Rangi hiyo ilishika karibu kila penye saratani, asilimia 92. Tatizo ni kwamba ilishika pia vinyama vingi visivyo na saratani, kwa hiyo jicho lililoshika buluu linaweza kuwa na ugonjwa au lisiwe nao. Hata rangi hiyo isiposhika, bado kuna wachache watakaopita. Ni kipimo cha bei nafuu, nami ningependa kukiona katika kila kliniki ya macho ya wilaya, lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya maabara. Isitoshe, saratani inaweza kujificha ndani ya kinyama chenye umbo lilelile la pembetatu tulilozoea kuliona halina madhara.

Kinachoweza kuamua ni mtaalamu wa patholojia akikitazama kipande hicho kwenye hadubini, aone seli zisizo za kawaida zimefika wapi: zimekaa kwenye tabaka la chini tu, zimejaza unene wote wa ngozi ya utando, au zimeshaupasua msingi wake na kuingia ndani. Ataona pia jambo lingine muhimu, kama kingo za kipande ni safi au kisu kilipita katikati ya ugonjwa. Hakuna jicho la daktari, hata awe bingwa, linaloweza kuona hayo kwa tochi.

Katika vyumba vingi vya upasuaji kinyama hukatwa, hutupwa kwenye ndoo ya taka, na mgonjwa huambiwa arudi baada ya wiki moja. Nimezungumza na watu waliokatwa mara mbili na mara tatu jicho lilelile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa kile kilichokatwa kilikuwa nini. Kila mara kilirudi kikubwa zaidi. Sababu zinazotolewa ni mbili, na zote zina uzito. Ya kwanza, wataalamu wa patholojia ni wachache, na sampuli hulazimika kusafirishwa hadi hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC au Bugando, halafu majibu yachelewe. Ya pili ni fedha: mgonjwa ndiye anayelipia kipimo, na ameshauza kuku ili alipie upasuaji.

Juu ya sababu ya kwanza nasema hivi. Kipande cha utando wa jicho ni kidogo mno, na chupa ndogo yenye fomalini inakitosha. Ugumu wake ni wa kiufundi na una dawa. Ukikitumbukiza moja kwa moja, hujikunja na mtaalamu hawezi tena kujua upi ni ukingo na upi ni katikati. Wapasuaji makini hukitandaza kwanza juu ya kikaratasi, wakaacha kishike, wakaweka alama ya upande wa pua, ndipo wakakizamisha pamoja na kikaratasi chake. Dakika mbili. Muuguzi wa chumba cha upasuaji anaweza kufundishwa kazi hiyo asubuhi na mchana akaifanya. Sampuli ikishakaa vizuri kwenye fomalini inaweza kusafiri mbali bila barafu.

Juu ya fedha sina jibu laini. Kipimo kinachoachwa mikononi mwa mgonjwa maskini hakitafanyika. Kiingizwe ndani ya gharama ya upasuaji wenyewe, kiwe sehemu ya bei moja, na mifuko ya bima ilipe upasuaji wa kinyama cha jichoni pale tu panapokuwa na namba ya sampuli ya maabara. Kuna watakaosema hatuwezi kupeleka maabara vinyama vyote vya kawaida ili kumpata mmoja mwenye saratani. Nchini Uingereza, ambako ugonjwa ni mchache mara 60 kuliko Uganda, hoja hiyo ingekuwa na nguvu. Kwetu haina.

Majibu yana kazi yake pia. Tatizo kubwa la saratani hii ni kurudi mahali pale pale baada ya kukatwa, hasa pale mpasuaji alipokata kwa woga, karibu mno na uvimbe. Inapasa kuacha kingo za milimita tatu au nne za utando unaoonekana mzima. Zaidi ya hapo, Gichuhi na wenzake walifanya jaribio katika vituo vinne vya macho nchini Kenya, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya upasuaji na majibu ya maabara, nusu ya wagonjwa walipewa matone ya fluorourasili ya asilimia 1, mara nne kwa siku kwa wiki nne. Nusu nyingine walipewa matone yasiyo na dawa. Mwaka mmoja baadaye, kati ya waliotumia dawa, uvimbe ulikuwa umerudi kwa wagonjwa watano kati ya 47. Kwa wasioitumia ulikuwa umerudi kwa 17 kati ya 47. Fluorourasili ni dawa ya saratani inayojulikana tangu mwaka 1957, na ni ya bei ya chini ukiilinganisha na dawa nyingi mpya za saratani. Jibu hili limepatikana hapa hapa, kwa wagonjwa wetu, kwa kazi ya watafiti wetu. Inaniuma kwamba kliniki nyingi bado hazina chupa hata moja ya matone hayo, na hata zingekuwa nayo, zisingejua zimpe nani, kwa sababu kinyama kimekwenda na taka.

Halafu kuna VVU. Kwa baadhi ya wagonjwa, uvimbe wa jichoni ndio dalili ya kwanza kabisa kwamba wana virusi. Mtu alikuja kulalamikia jicho, na jicho lingeweza kumfikisha kwenye dawa za kufubaza virusi miaka kadhaa kabla hajaugua kitu kikubwa zaidi. Kwa hiyo kila mwenye uvimbe wa kutiliwa shaka ashauriwe kupima, kwa faragha na kwa heshima, siyo kwa kuulizwa mbele ya foleni. Hapo hapo tuwe waangalifu. Wapo wenye saratani hii wasio na VVU hata kidogo, wakiwemo watoto na vijana waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi unaoifanya ngozi ishindwe kurekebisha madhara ya jua. Ikienea mitaani kwamba kinyama jichoni ni UKIMWI, watu watavaa miwani nyeusi na kukaa nyumbani.

Zipo saratani nyingine za uso wa jicho ambazo ni adimu hata kwetu, nami nazitaja kwa ufupi ili zisipotelee njiani. Kaposi huonekana kama doa jekundu sana, mara nyingi ndani ya kope la chini, na hudhaniwa kuwa damu iliyovilia. Damu iliyovilia huisha kwa wiki mbili au tatu, Kaposi haiishi. Limfoma huja kama kitu laini cha rangi ya waridi, kisichouma. Melanoma ni ile ya rangi nyeusi au kahawia inayozidi unene, na ndiyo inayomlazimu mtu kupiga picha ya jicho lake kwa simu na kuilinganisha baada ya miezi. Na chokea inayorudi mahali palepale kwa mtu mzima, hasa kope zikianza kunyonyoka, nayo isikandwe tu kwa maji ya moto, maana tezi za kope zina saratani yake. Kwa hizi zote jawabu ni lile lile la hadubini.

Ninachoomba kwa waganga wakuu wa mikoa hakihitaji sheria mpya wala mfadhili. Kitabu cha chumba cha upasuaji wa macho kina safu za jina, umri, jicho la kulia au la kushoto, aina ya upasuaji, na jina la mpasuaji. Ziongezwe tatu: namba ya sampuli, tarehe ya majibu, na jina la mtu aliyempigia mgonjwa simu kumweleza. Mwisho wa mwezi, mganga mkuu wa hospitali akifungua kitabu hicho na kukuta kinyama kimekatwa na safu ya sampuli iko wazi, amuulize mpasuaji kwa jina kipande hicho kiko wapi.